Kumbukumbu ya Solferino: kitabu kizuri ambacho hakiulizi gari ni la nani



Kila tarehe 8 ya mwezi wa tano, siku ya kuzaliwa ya Henry Dunant, misalaba myekundu inajaa kwenye simu zetu. Mwaka huu mdogo wetu mmoja aliandika hapa kwamba kila mwenye diploma anapashwa kusoma « Un souvenir de Solférino », na kwamba mwenye kukisoma bila kutoka machozi hana moyo. Basi nilikisoma. Kinapatikana bure kwenye simu, siyo kirefu, nikakisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu na kayé pembeni. Kusema kweli kwenye sehemu ya kanisa machozi yalinitoka. Lakini nilipomaliza mara ya pili nilikuwa na hasira, na leo naomba nieleze hiyo hasira ni ya nini, juu mdogo wetu alikisifu vizuri ila alisifu mahali ambapo kitabu kiko na kasoro kubwa.

Niseme mapema: mimi siko munganga, wala sijawahi kuvaa nguo ya kisoda. Niko na lisansi ya agronomia, kazi yangu ni viazi na wakulima wa viazi. Lakini kitabu hiki kinahusu jambo ambalo watu wa kilimo wanalijua kuliko wengi. Na niko na yaya yangu ambaye ni askari. Nitafika kwake.

Dunant mwenyewe hakuwa munganga. Alikuwa mfanyabiashara wa Geneva, na biashara yake ilikuwa ya unga: kampuni ya vinu vya ngano kule Mons-Djémila, Algeria, wakati Algeria iko chini ya Wafaransa. Alihitaji maji na ardhi kwa ajili ya vinu vyake, biro za koloni zikawa zinamzungusha, njo akaamua kumtafuta mfalme Napoleon III mwenyewe amuombe uso kwa uso. (Mwenye kuwahi kufuata karatasi ya shamba kwenye biro atamuelewa kabisa.) Mfalme alikuwa vitani kaskazini mwa Italia. Dunant akafika Castiglione delle Stiviere wakati uleule wa vita vya Solferino, tarehe 24 mwezi wa sita 1859, ambapo Wafaransa na Wasardinia walipigana na Waaustria kutwa nzima, watu karibu laki tatu kwa jumla. Kwa siku chache mji ule mdogo ulipokea majeruhi karibu 9,000. Yeye alikuwa na suti nyeupe ya msafiri na barua ya vinu mfukoni. Akaacha barua, akaingia kanisani.

Kurasa za mwanzo, zile za mapigano yenyewe, sikuzipenda. Majenerali wanapita, vikosi vinapanda mlima, bendera zinapeperushwa, kila mtu ni shujaa. Dunant hakuona mengi ya hayo kwa macho yake, na inaonekana. Unaweza kuziruka.

Anapoingia Castiglione anakuwa mwandishi mwingine. Chiesa Maggiore, kanisa kubwa la mji, limejaa watu waliolala juu ya majani makavu, Wafaransa na Waaustria wamechanganyika, nzi, harufu, kelele za lugha tano. Wanawake wa mji wanapita na ndoo za maji na hawaulizi huyu ni wa upande gani. Kwao wote ni ndugu. Dunant haandiki kama mwalimu hapo. Anaandika kama mtu anayehesabu. Anamtuma dreva wa gari lake la farasi kwenda Brescia kununua vitu, na orodha ya vile vitu njo sehemu ninayoipenda kuliko zote: maua ya kamomili, majani ya dawa, machungwa, malimau, sukari, mashati, sifongo, vitambaa vya kufungia vidonda, pini, mpaka tumbaku. Anawagawia watu sigara, na ametambua kwamba moshi wake unapunguza harufu ya vidonda. Mwenye kuandika hivyo alikuwepo. Hakuna anayeweza kutunga ile habari ya pini.

Halafu kuna mahali pamoja ambapo nilisimama. Anasema, kwa maneno yake, kwamba maji hayakukosekana, chakula pia kilikuwepo, na bado watu walikufa kwa kiu na njaa. Vitambaa vya vidonda vilikuwa vingi, mikono ya kuvifunga njo ilikosekana.

Ndugu zangu wa agronomia wananielewa tayari. Hiyo njo hasara ya baada ya mavuno. Nenda Masisi wakati wa viazi: viazi viko, kabichi iko, vinaozea kando ya barabara, na ku Goma mama mmoja ananunua kilo kwa bei ya kumfanya alie. Mtu wa kwanza anasema tulime zaidi. Mtu wa pili anasema tuombe wafadhili wagawie wenye njaa. Mtu wa tatu anauliza: kamyo ni ya nani, nani anaamua inatoka saa ngapi na inabeba nini? Miaka mitano ya iniversite, kama ilinifundisha jambo moja, ni kumsikiliza huyo wa tatu.

Dunant alikuwa ameshika swali la mtu wa tatu mkononi. Akaliacha lianguke.

Mwishoni mwa kitabu anatoa mapendekezo mawili. La kwanza: kila inchi iunde, wakati wa amani, vyama vya watu wa kujitolea, waliofundishwa, tayari kwenda kusaidia majeruhi vita vikianza. La pili: mataifa yakubaliane juu ya kanuni moja takatifu ya kuwalinda walioumia na wale wanaowahudumia. Ili kutetea lile la kwanza anasema kwamba wahudumu wa afya wa jeshi hawatoshi, na hata wakiongezwa mara mbili au mara tatu bado hawatatosha. Sentensi hiyo njo nilipigia mstari mpaka karatasi ya kayé ikapasuka. Jeshi linapewa ruhusa ya kushindwa milele. Tena inafanya tatizo liwe la idadi ya watu, wakati yeye mwenyewe kurasa chache nyuma alishatuonyesha kwamba vitu vilikuwepo na havikufika.

Kwa nini havikufika? Kitabu hakisemi, kwa hiyo niseme mimi. Katika jeshi la Ufaransa la wakati ule, wanganga hawakuwa wanajiamuru. Walikuwa chini ya intendansi, yaani biro ya jeshi inayoshughulika na chakula, nguo, magari, malipo na majengo. Mtu wa intendansi, ambaye hajui kufunga hata kidole, njo aliamua hospitali ya muda ifunguliwe wapi, magari ya farasi yaende wapi, vitambaa vitoke stoo lini. Munganga aliomba, akangoja. Watu wa magari walikuwa na mkubwa wao mwingine. Na uchache ulikuwepo pia, siukatai: wenyewe wa Msalaba Mwekundu wanapenda kukumbusha kwamba jeshi lile lilikuwa na wanganga wa wanyama 4 kwa farasi 1,000, na munganga 1 tu kwa watu 1,000. Kwa hesabu hiyo mimi ningejiandikisha kama farasi. Lakini ukimwongeza munganga wa pili na wa tatu, na wote watatu wanangoja sahihi ya mtu wa stoo, umeongeza nini?

Tena hawakuwa hawajaonywa. Miaka mitatu tu nyuma vita vya Krimea vilikuwa vimekwisha. Munganga wa jeshi aliyeitwa Chenu alifanya hesabu yake baadaye: Ufaransa ilipeleka kule watu takriban 309,000, wakafa zaidi ya 95,000, na kati ya hao karibu 75,000 waliuawa na magonjwa. Kipindupindu, tifusi, upungufu wa mboga na matunda. Risasi ilikuwa adui mdogo.

Na kuna jambo ambalo riwaya ingeona aibu kulitunga. Munganga mkuu wa jeshi la Ufaransa pale Solferino alikuwa Hippolyte Larrey. Baba yake, Dominique Larrey, njo yule aliyeunda ambilansi zinazoruka tangu mwaka wa 1792: magari mepesi ya farasi yanayokimbilia majeruhi palepale mapigano yanapoendelea, pamoja na munganga ndani yake, na anayehudumiwa kwanza ni aliyeumia zaidi, hata kama ni askari wa chini na anayengoja ni kolonele. Napoleon wa kwanza alimwachia franga 100,000 katika wosia wake. Baba alikuwa na magari yake. Mtoto, miaka zaidi ya 60 baadaye, katika jeshi lilelile, hakuwa nayo. Akili haikupotea. Kilichopotea ni mamlaka juu ya gari. Dunant anamtaja Larrey katika kitabu kwa heshima, na hapohapo anapita.

Kuna watakaosema ninamdai mtu wa 1862 mawazo ya leo. Hapana. Mwaka uleule wa 1862, kitabu kikiwa bado hakijatoka Geneva, munganga mmoja wa jeshi kule Marekani alikuwa analijibu swali hilo.

Anaitwa Jonathan Letterman. Sijui wangapi kati yetu wamewahi kusikia jina hilo. Mimi sikuwa nalijua kabla ya hasira yangu kunituma kutafuta. Katikati ya 1862 alipewa kuongoza afya ya jeshi la kaskazini lililoitwa jeshi la Potomac, jeshi lililokuwa limechoka, limeumwa, limekaa kando ya mto kwenye joto. Moja kati ya mambo ya kwanza aliyoyadai ni viazi na vitunguu. Watu walikuwa na dalili za ugonjwa wa kukosa vyakula vibichi, ule unaotoa damu kwenye fizi. Akataka mboga, hema, maji safi, vyoo. Wengi wanafikiri huduma ya afya ya jeshi ni kukata miguu. Kazi yake kubwa ni kwamba watu wasifike kwenye kisu: chanjo, chakula, maji, mahali pa kujisaidia, kukataa kuandikisha mgonjwa kama askari. Nilipofika kwenye vile vitunguu nilijisikia nyumbani.

Kisha tarehe 2 mwezi wa nane ikatoka amri ya jeshi namba 147. Ni karatasi kavu kabisa, huwezi kuisoma kanisani. Inasema magari ya ambilansi yanatoka mikononi mwa watu wa vifaa na yanakuwa na kikosi chake chenyewe, na kikosi hicho kinamtii munganga mkuu. Kuna kapiteni kwa kila jeshi-kundi, luteni kwa kila divisheni, na kushuka hivyo mpaka kwa sajenti wa rejimenti. Kila gari na dreva wake na wabebaji wawili. Na inakatazwa gari la ambilansi kubeba kitu kingine isipokuwa wagonjwa na majeruhi. Ukijiuliza kwa nini ilibidi kuandika hilo: juu mbele ya hapo yalikuwa yanabeba masanduku ya wakubwa.

Mwisho wa mwezi huohuo wa nane, jeshi lingine la upande uleule, ambalo halikuwa na mpango wa Letterman, lilipigwa pale Bull Run, mara ya pili. Madreva walikuwa raia wa kukodiwa. Wengine walikimbia, wengine wakanywa pombe iliyowekwa kwa ajili ya majeruhi. Watu walilala chini na vidonda siku kwa siku, wengine karibu juma nzima. Tarehe 17 mwezi wa tisa, hata juma tatu hazijapita, vita vya Antietam, siku moja yenye damu kuliko siku zote za vita ile. Jeshi la Letterman likaondoa majeruhi wake uwanjani kwa muda wa siku moja hivi.

Sisi wa mashamba tunaita hivyo shamba la jaribio na shamba la ulinganisho. Nikiri kwamba jaribio siyo safi: Bull Run uwanja ulibaki mikononi mwa adui, Antietam jeshi la kaskazini lilibaki karibu na watu wake. Mwalimu wangu wa takwimu angenitoa alama. Lakini madreva walevi hawakuletwa na adui.

Baadaye mwaka huo aliongeza sehemu zilizobaki: kituo cha kufunga vidonda karibu na mstari, nyuma yake hospitali ya hema ya divisheni, nyuma zaidi hospitali kubwa za miji, na dawa zikahesabiwa kwa kila brigedi badala ya kurundikwa fasi moja. Leo majeshi mengi bado yanapangwa kwa ngazi namna hiyo. Umoja wa Mataifa unazihesabu kutoka 1 mpaka 4, na ku Goma watu wanakumbuka ile hospitali ya Wahindi wa MONUSCO, iliyokuwa ya ngazi ya 3. Ngazi ya kwanza ni mwenzako wa pembeni na munganga wa kikosi, ya mwisho iko nyumbani, mbali. Kila ngazi haina maana bila kitu kinachotembea katikati yake.

Nisimfanye Letterman malaika. Mwaka uliofuata, pale Gettysburg, mkubwa wa jeshi alirudisha nyuma magari mengi ili njia ibaki wazi kwa silaha, hema na vifaa vya hospitali vikabaki mbali. Majeruhi walibebwa haraka, lakini walibebwa kwenda kulala mvuani. Kisha jeshi likaondoka kumfuata adui, na wanganga 106 tu, kati ya kama 650, wakaachwa na majeruhi zaidi ya 20,000 wa pande zote mbili. Letterman alilalamika katika raporti yake. Yaani hata mpango bora unavunjika siku komanda anapoamua kwamba njia ni ya mizinga. Ila angalau inajulikana nani aliamua. Raporti iko, jina liko. Pale Solferino huwezi kumpata wa kumuuliza, na kitabu cha Dunant hakikusaidii kumtafuta.

Kuna mtu mwingine wa hadithi hiyo ambaye ningependa mdogo wetu amjue. Mwezi wa tatu 1863, luteni kijana, Nathaniel Bowditch, alipigwa risasi pale Kelly's Ford, akabaki chini bila ambilansi, akafa. Baba yake, Henry Bowditch, alikuwa munganga maarufu wa Boston. Angeweza kuanzisha chama cha kugawa vitambaa kwa jina la mtoto wake, watu wangempigia makofi. Yeye aliandika kitabu kidogo cha kudai mfumo wa ambilansi kwa jeshi zima, akakipeleka kwa wanaotunga sheria, akawasumbua. Minisitri wa vita na jenerali mkuu walikuwa wamekataa. Tarehe 11 mwezi wa tatu 1864 ikawa sheria.

Na Ufaransa, inchi ya wale waliokufa kwa kiu pembeni ya maji? Wanganga wake walianza kutolewa chini ya intendansi kwa sheria ya 1882, na jambo likamalizika kwa sheria ya 1889. Miaka 30 baada ya Solferino. Katikati walipita kwenye vita vya 1870 na Waprusia, ambapo ndui peke yake iliua maelfu ya waaskari wao, wakati Waprusia walikuwa wamechanjwa. Watu walikuwa wanakisoma kitabu cha Dunant katika miaka hiyo yote, na walikuwa wanalia.

Najua la kunijibu, na ni jibu zuri. Pendekezo la pili. Bila Dunant hakuna mkataba wa Geneva wa tarehe 22 mwezi wa nane 1864, na bila mkataba ambilansi ya Letterman ni gari tu la kupigwa risasi. Hapo nanyamaza. Kwamba munganga wa jeshi, hospitali yake na gari lake havipigwi, kwamba askari aliyeumia si adui tena hata kama jana alikuwa anakulenga: amri ya jenerali yeyote isingetosha kuleta hilo, maana inahitaji pande mbili. Dunant alilitafuta mapema. Palepale Italia alienda mpaka makao ya mfalme, na muda si mrefu waganga wa Austria waliotekwa wakaachiliwa wakahudumie watu. Kwa hilo peke yake kitabu kinastahili heshima yake na ile Nobel ya 1901, ambayo ilimkuta mzee, maskini, vinu vilishafilisika zamani.

Ninachokataa ni lile la kwanza, na namna kitabu kinavyotubebesha lile la kwanza kwa machozi yaliyokusanywa kwa ajili ya la pili. Siko wa kwanza kukataa. Florence Nightingale, aliyeona Krimea kwa upande wa Waingereza na kutumia maisha yake yote akipigana na biro za jeshi, aliusikia mpango wa Dunant na hakuupenda. Aliona vyama hivi vitazipunguzia serikali mzigo ambao ni wao. Wengi wanamjua kama mama wa taa. Wangemsoma kama mama wa hesabu: kule Scutari vifo vilishuka sana pale tume ya usafi ilipofungua mifereji ya maji machafu chini ya hospitali mwaka wa 1855.

Vyama vya Msalaba Mwekundu vyenyewe baadaye vilijiita wasaidizi wa huduma ya afya ya jeshi. Neno zuri, la unyenyekevu. Lakini msaidizi ni wa kumsaidia mtu fulani. Mtu huyo asipokuwepo, msaidizi anakuwa nini?

Hapo natoka Italia, narudi kwetu. Wote tunajua kazi ya upasuaji inayofanywa ku Goma, hospitali ya CBCA Ndosho, pamoja na timu za CICR, tangu 2012. Wanapokea walioumizwa na silaha, wa kila upande, na raia wengi kuliko wote. Mwanzo wa 2025 walilala watu mpaka kwenye barandi. Siwezi kumkosoa mtu aliyesimama pale. Nawakosoa wanaotazama pale na kusema, kama Dunant, kwamba jeshi halitatosha kamwe, basi tushukuru wafadhili.

Yaya yangu alipigwa risasi ya paja. Sitataja kikosi, sitataja mahali wala hospitali. Wenzake walimfunga na kitenge cha mama mmoja wa kijiji. Kikosi kilikuwa na gari. Mafuta yalikuwemo, dreva alikuwepo, barabara ilikuwa inapitika. Gari lilikuwa limeenda na makala ya mkubwa fulani, magunia mangapi sijui. Walimkata fimbo mbili wakatengeneza tipoyi, wakambeba mpaka giza, na asubuhi vijana wa kujitolea, wenye jile nyekundu, walimtafutia motari. Alikaa nyuma ya ile moto, katikati ya motari na kijana anayemshikilia asianguke. Alipofika ilikuwa siku ya pili. Mguu haukuponyeka. Mama alikuwa analala chini ya kitanda chake majuma saba, anapika nje, ananunua serumu, ananunua mpaka glavu za munganga, na munganga mwenyewe alikuwa kijana mwema ambaye hakuwa na la kufanya.

Wale vijana wa jile nyekundu tunawaombea kila siku nyumbani kwetu. Jina la mwenye makala tunalijua, na hakuna raporti yoyote ambayo imeandikwa humo.

Baada ya kumaliza kitabu nilienda kumsomea yaya, jioni, namugeuzia kwa Kiswahili palepale. Kwenye sehemu ya kanisa alinyamaza. Kwenye orodha ya Brescia alicheka, akasema huyo muzungu alijua vita, juu sigara kweli inasaidia. Nikaendelea mpaka pale kuhusu maji yaliyokuwepo na watu wakafa kwa kiu. Akaninyanyulia mkono nisimame.

« Mudogo, ile kitabu inasema magari yalikuwa yameenda wapi? »

Nikamuambia haisemi. Akaniomba simu, akaanza kurudisha kurasa nyuma yeye mwenyewe, kwa kidole, anatafuta.